Punda wa Kwihara na Nabii Aliyeachwa Nje

Kigangoni Kwihara,
Tabora.
12 Desemba 1951

Mjomba Wenceslaus mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje tangu uanguke pale stesheni? Sisi tu wazima, mvua imetukubali, na mama, dada yako, bado anagombana na kuku wake. Sasa kaa kitako, maana nina habari inayoniwasha tangu Jumapili!

Unaikumbuka kadi uliyotuletea kutoka Dar es Salaam, ile picha ya Mtoto horini iliyochorwa na Mwitaliano zaidi ya miaka mia nne iliyopita? Baba aliinakili ukutani mwa kanisa letu jipya, miezi mitatu juu ya ngazi. Mtoto, Mama yake, ng'ombe, punda. Yule mzee wa pembeni mwenye karatasi ndefu alimwacha, kwa kuwa ukuta uliisha.

Basi mzee Mahona, mkubwa wa kamati ya kanisa, akaja juu. Babu yake alikuwa mpagazi, na kwao punda ni mnyama wa misafara, wa kuchapwa na kutukanwa. "Injili haimtaji punda horini. Mmemtoa wapi? Apakwe chokaa!" Padri yuko safarini Tura, na kamati ikakubali: Jumapili baada ya sala, punda afutwe, na ng'ombe pia. Baba aliosha brashi zake, akazifunga kwenye kitambaa, akasema hachori tena maisha yake. Mjomba, nililia.

Jumamosi nikaitazama kadi upya. Yule mzee wa pembeni ananyoosha kidole, na kidole kinamwelekea punda! Nilikwenda mbio hadi mtaa wa Ng'ambo kwa rafiki yako Silasi. Unajua sisi Wakatoliki hatuna kitabu cha manabii nyumbani. Yeye Mmoraviani anacho, tena amekichakaza. Akacheka. Huyo ni Isaya, alisema, na akanisomea: ng'ombe humjua mmiliki wake, punda hulijua hori la bwana wake, ila watu wangu hawajui. Miaka mia saba kabla ya Betlehemu! Ndiyo maana wachoraji wale waliweka pamoja aliyetabiri na kilichotabiriwa. Baba alimfungia shahidi nje.

Jumapili ndoo ya chokaa ilikuwa tayari, mkononi mwa Mahona. Nikasimama mbele ya wanaume wote, nikayasoma maneno ya Isaya niliyoyanakili kwa Silasi. Mahona aliitazama picha kwa muda mrefu, akaweka ndoo chini, akatoka bila kuaga.

Jumatatu asubuhi tukamwona Mahona uani kwetu, anamvuta punda wake kwa kamba, akamwambia Baba:

"Damas, masikio ya punda wako mafupi. Mtazame huyu uyarekebishe." Kisha akainamisha kichwa. "Yeye alijua. Mimi ndiye ambaye sikujua."

Baba akaenda kukifungua kitambaa cha brashi.

Sasa anamchora Isaya juu ya mlango. Ndevu ni za Silasi. Padri hajui bado!

Msalimie mkaza mjomba Eustadia na watoto wote. Mama na baba wanakusalimu sana. Mungu aunyooshe mguu wako ili upande treni ya Krismasi, uje uone kidole cha nabii kinapoelekea.

Mpwa wako akupendaye sana,
Josepha