Mlango wa Chumba cha Mwani

Krasnoyarsk, Februari 1974

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Kabichi ya chumvi uliyotutumia ilifika salama, nikaila peke yangu, maana ndugu yangu Arseni alikuwa bado amefungiwa chumbani.

Najua kazi yetu hujawahi kuielewa. Katika jaribio letu, Arseni alikuwa anaishi kama watakavyoishi wasafiri wa anga za mbali, bila hewa ya nje kuingia. Alivuta hewa iliyotolewa na mwani, vijimea vidogo mno vinavyoelea kwenye tangi la maji chini ya taa kali. Mwani nao uliishi kwa pumzi zake. Mimi nilikaa nje, nikiipima hewa yake.

Juzi maji yale ya kijani yakaanza kuwa ya manjano. Usingizi ukanihama. Daktari Veniamin, mkuu wetu, akasema tusubiri, mwani utapona wenyewe. Nikampigia Arseni simu ya ndani, akanicheka: "Zina, acha woga wako! Mwani ukifa nitaupika supu." Lakini alihema kama mtu anayepanda mlima. Mlango angeweza kuufungua mwenyewe. Akasema afadhali azimie kuliko kuliharibu jaribio.

Nikawa nazunguka koridoni, hata mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Hewa ikazidi kuchafuka. Jana adhuhuri nikapiga simu, hakupokea. Nikachungulia dirishani, sikumwona.

Mama, mlango niliufungua mimi. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilimkuta ameketi sakafuni nyuma ya tangi, midomo imemgeuka rangi, chupa tupu mkononi. Alikuwa ametoka kumimina mbegu mpya ya mwani. Akanitazama, akasema, "Umefanya nini, Zina? Nilikuwa napanda upya."

Labda mwani ungepona. Labda yeye asingepona. Hilo hatutalijua kamwe.

Daktari ameniondoa kazini. Arseni hasemi nami. Keshokutwa anakuja kwako kupumzika. Akikuambia dada yake amemharibia kazi ya miaka mingi, usimbishie, ni kweli. Msikilize tu anavyopumua akilala, kisha uniandikie.

Nisalimie shangazi Glafira na majirani wote. Jifunike vizuri, mama.

Ni mimi binti yako,
Zinaida