Fundi wa Alhamisi Jioni

Chumba cha mbele,
Ghorofani kwa fundi,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu Bi Maswali,

Pokea salamu za mama yako mkubwa, zenye upendo ule ule uliouacha hapa siku uliyopanda ngazi kuniaga. Kwanza nipe hali yako. Kifua kimepoa? Tulipozungumza mara ya mwisho ulikuwa unakohoa katikati ya kila sentensi, nami nikaweka simu chini roho ikiwa haijatulia. Unalala vya kutosha? Huko kazini wanakupa nafasi ya kula ukiwa umekaa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Goti langu la kulia bado linagoma kwenye ngazi, lakini tumekwisha kuzoeana. Mjomba wako naye ni mzima, yaani hana homa wala hakohoi.

Barua yako nimeipata. Unasema Jumamosi ijayo mtakutana nyote mliotengeneza ile tamthilia ya televisheni ya kila Alhamisi jioni, waandishi, waigizaji na mwongozaji wenu, na kila mmoja ameombwa alete maoni ya watazamaji wa kwao. Mimi umenichagua kwa kuwa nimesimama mbele ya walimu na wazazi kwa miaka thelathini, ukitaka niyaandike kwa ufasaha ili uyasome kama yalivyo. Nimekubali. Basi ninyi waheshimiwa mtakaokuwa mmekaa mkimsikiliza mwanangu, nanyi nawasalimu kwa heshima zote, na nawapongeza kwa kazi yenu. Naomba mnivumilie.

Nitatanguliza jambo lenyewe, maana si vizuri kuwaweka watu roho juu kama mlivyotuweka ninyi kwa wiki sita. Ndugu yangu wa tumbo moja, fundi cherehani aliyemlea mwandishi wenu chini ya meza yake ya kukatia tangu mama yake alipotutoka, kesho hafungui duka. Kesho anaanza kazi kiwandani.

Sehemu ya kwanza tuliitazama hapa sebuleni, watu kumi na wanane, wengine wakiwa kwenye viti tulivyoazima kwa muuza mikate. Mtaa mzima ulijua kwamba mwandishi ni wewe. Yule muuguzi kijana alipokutwa amekufa ndani ya gauni jipya, hakuna aliyethubutu kutafuna. Kisha akatokea fundi aliyelishona gauni lile. Pini tatu pembeni mwa mdomo. Mabega ya mteja akayapima kwa shibiri, macho ameyafumba, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kama pambo. Akasema kwa sauti ya chini, "Simama unavyosimama kila siku." Sebule nzima ikageuka kumtazama mjomba wako. Naye alicheka hadi machozi yakamtoka. Alisema umemwibia kila kitu, hata namna anavyovuta kiti kwa mguu. Mwanangu, jioni ile hapakuwa na mtu mwenye furaha kumshinda. Ulimweka mle kwa mapenzi, na sote tuliyaona mapenzi hayo.

Katika sehemu ya pili mkamtilia muziki wa kutisha kila anapotokea.

Sijui ni nani kati yenu aliyeutunga, lakini kazi yake imefika. Watoto waliukariri kwa siku mbili, wakawa wanaupiga kwa midomo wanapopita mlangoni pa duka. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaandika kwa sabuni juu ya kioo chake washukiwa wote watano: mume, daktari, dada, mwenye nyumba, fundi. Kila aliyenyolewa aliweka alama yake. Mjomba wako alikwenda kunyolewa kama kawaida, akakaa mbele ya kioo kile, wembe shingoni, akahesabu. Fundi alikuwa na alama thelathini na moja. Kinyozi akamwambia asijali, hayo ni mambo ya televisheni, kisha akamuuliza yeye anampa nani. Akasema mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa na mbili. Mjomba wako alipoondoka zilikuwa tatu.

Tulilicheka hilo, na ndicho kicheko chetu cha mwisho. Baada ya sehemu ya tatu wanawake waliacha kuja kupimwa. Hakuna aliyetamka neno baya, na hilo naliomba mlielewe vizuri. Walikuja na gauni la zamani ndani ya mfuko, wakasema, "Fuata hilo hilo, fundi, sijanenepa." Wengine walituma vipimo kwenye karatasi, vilivyopimwa nyumbani kwa rula ya mtoto wa shule. Bibi harusi mmoja, ambaye mama yake alishonewa na fundi huyu huyu, alisimama kizingitini akayataja mabega yake kwa tarakimu, kama mtu anayetaja namba ya simu. Wewe wamjua mjomba wako. Hajapata kushona karatasi maishani mwake. Alishona hivyo hivyo, nguo zikatoka zimekaza kwapani, zimelegea mgongoni, na wenyewe wakaanza kusema kwa huruma kwamba mkono wa fundi umezeeka.

Wakati huo ndipo nilipokupigia simu. Ulinieleza kwamba kazi ilikamilika tangu mwaka jana na hakuna kinachoweza kubadilishwa. Ukaniambia, "Subiri mwisho, mama mkubwa. Mwisho utamsafisha." Nikashuka nayo maneno yale ngazi zote, na goti langu hili, nikampa kama dawa. Tukaushikilia mwisho.

Katika wiki ya nne palikuwa na mkutano wa wakazi kuhusu mtaro ulioziba. Tulipofika kwenye mengineyo nikaomba nafasi. Nilizungumza dakika ishirini bila karatasi. Niliwaeleza hadithi ni kitu gani, jinsi mwandishi anavyoazima mkono wa huyu na pua ya yule, na jinsi mtu mwema anavyoweza kuchukuliwa sura yake tu na si matendo yake. Nilizungumza vizuri, nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu mwenye duka la dawa alifuta macho, na nilipokaa walinipigia makofi. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Muuza mikate akainua mkono.

"Mwalimu, tumekuelewa sana," alisema. "Sasa tuambie tu, ni yeye au si yeye?"

Watu waliinama mbele kusubiri jibu. Miaka thelathini ya kusimama mbele za watu, na sikuwa na sentensi hata moja.

Kuna jambo jingine, nalo sikutaka kuliandika. Nimelifuta mara mbili. Katika sehemu ya tano, yule fundi alipokuwa akiosha mikono kwenye karai na maji yakabadilika rangi, tulikuwa tumebaki wawili tu sebuleni, mimi na mjomba wako. Nami nilitazama mikono yake. Nimeijua mikono ile tangu ilipokuwa haijaweza kushika kijiko, lakini niliitazama. Haikuzidi sekunde moja. Aliniona. Aliiweka chini ya mapaja akaikalia, akaendelea kutazama.

Basi ikaja sehemu ya sita. Muuaji akawa mwenye nyumba. Fundi akaachiwa, akavuka ua wa kituo cha polisi peke yake kwenye mvua, na ule muziki haukupigwa. Nilisimama nikapiga makofi sebuleni kama mwendawazimu. Mjomba wako alibaki ameketi mpaka majina yote yakapita, akalisoma lako kwa sauti, kisha akazima.

Asubuhi yake nilikwenda kununua mkate mapema, nikiwa na hamu ya kuwasikia watu. Niliwasikia. Walikuwa wakisema mpwa wake ameogopa. Walisema ushahidi wote ulimwelekea fundi tangu mwanzo, na yule mwenye nyumba ameburutwa tu mwishoni ili kumwokoa mjomba. Mwenye duka la dawa, huyo huyo aliyelia mkutanoni, alinishika bega akaniambia kwa upole, "Usione haya, mwalimu. Hata mimi ningemfichia mjomba wangu." Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Alikuwa akinifariji.

Haya ndiyo maoni ya watazamaji wa mtaani kwetu. Wameipenda tamthilia kupita kiasi. Kwa ajili yake waliacha hata michezo ya mpira. Nimetafuta wa kumlaumu, ndugu waheshimiwa, nikaanza na mwandishi, nikaja kwa mtunzi wa muziki, kinyozi, majirani, nikamalizia kwangu mwenyewe, na kila niliyemfikia nilimkuta hakukusudia. Na duka limefungwa.

Huko kiwandani atakuwa anakata sare za hospitali kwa mashine, tabaka sitini kwa mkupuo, akifuata kielelezo cha karatasi ngumu. Nilimwambia kazi hiyo haimstahili. Alijibu kwamba ina uzuri wake, kwa kuwa nguo za kule hazina mtu ndani.

Nilikusudia kukuomba uandike kitu, hata kama ni tangazo fupi gazetini, umtetee. Nikamwuliza kwanza. Akasema, "Mwambie asinitetee. Akinitetea, watajua kuna jambo."

Kila mkutano niliousimamia ulimalizika kwa maazimio. Kwa huu sina azimio. Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri nikijaribu kupata hata moja, la kukutuma wewe au la kujituma mwenyewe, na karatasi haina neno zaidi ya hayo uliyoyasoma hapo juu. Kama wenzako hao wanalo, wakupe.

Nisalimie sana yule mwenzako unayeishi naye, umwambie akushurutishe kwenda kwa daktari kuhusu kifua hicho. Muuza mikate na mkewe wanakusalimu. Mwenye duka la dawa anakusalimu. Kinyozi naye anakusalimu, bado hajakifuta kioo, na anauliza kama itakuja tamthilia nyingine. Mungu akufunike kwa rehema zake, aibariki mikono yako na kila inachokigusa.

Mjomba wako yuko chini, anazifunika cherehani kwa shuka. Anakusalimu kwa mapenzi mengi. Amesema nisisahau kukuambia kwamba tamthilia yako imetoka vizuri sana.

Ni mimi, nikupendaye bila kupungua,
Mama yako mkubwa.