Masaa Matano Tu

Mdogo wangu Mwanakheri,

Assalaam alaykum. Nimefika Maskati, lakini Khaleti Rukia, nduguye Mama, sikumdiriki. Alifariki asubuhi, wakamzika baada ya adhuhuri, mimi nimo ndegeni naletewa chai. Kila mwaka akitupigia simu: "Njooni wanangu, kutoka Unguja ni masaa matano tu!" Nasi tukimjibu, inshallah mwakani.

Nipo nyumbani kwake, jua la huku linababua. Bintiye Asila ameifungua ile achari ya embe aliyoniagiza mamake. Tumeila na wali mweupe.

Nakupenda, mdogo wangu. Kutoka kwako hadi kwa Mama ni dakika kumi kwa miguu. Ukimaliza kusoma tu, vaa buibui uende.

Dadako, Zuwena