Matokeo Mazuri

Mwenzangu, nimelia maabara. Mbele ya bosi na wanafunzi wote. Kesho nitaingia na uso gani?

Zile seli za saratani ya titi ninazozilea, si unazijua? Safari hii tulizipanda kwenye jeli mbili, moja laini kama nyama ya titi zima, nyingine ngumu. Seli zilezile, dawa ileile.

Kwenye laini zimekufa. Kwenye ngumu zimejitanua, zimetoa mikono, zinatambaa. Dawa haijazitikisa!!

Bosi akapiga makofi. "Matokeo mazuri!" Ati mazuri! Anasema seli hufuata tabia ya mahali inapokaa, pakiwa pagumu nayo inakuwa katili.

Halafu akatupitishia kipande cha jeli ngumu kisicho na seli, tuguse tuone. Nikabonyeza, glavu mkononi.

Mwenzangu, naujua ugumu ule. Jumapili shangazi alinishika mkono akaviweka vidole vyangu juu ya uvimbe wa titi lake. "Bonyeza, umekuwa kama jiwe." Ni uleule. Na dawa anayochomwa hospitali ndiyo hiyohiyo yetu.

Ndipo nikaangua kilio. Bosi akanipigapiga begani, kumbe anadhani ni furaha. "Lia tu, umehangaika sana." Yaani!

Jeli si mtu, najua. Najiambia hivyo tangu nitoke pale, na hainisaidii kitu.

Sasa hivi shangazi ameniandikia: "Mwanangu, ile kazi yenu ya dawa imetoa matokeo gani?"

Nimemjibu: mazuri.