Kicheko cha Zuhura

Biryogo, Jumanne, Februari 1989

Halafu Salum anathubutu kuniuliza kwa nini sijampakulia chakula.

Leo alibanwa na wateja dukani, nikampeleka mwanangu Zuhura hospitali peke yangu. Siku zote mume wangu huyo ndiye hunitafsiria Kifaransa cha daktari. Leo alitafsiri muuguzi. Nikasema kwa furaha kwamba hiyo dawa mpya wanayoijaribu inamfaa mwanangu, maana siku hizi anacheka kutwa nzima.

Muuguzi akainamisha macho. "Mama Zuhura, dawa ni ya kifafa, na bado haijasaidia. Kicheko ni dalili ya ugonjwa wenyewe, amezaliwa nao. Baba yake hakukwambia?"

Hakuniambia. Miezi yote hii namshukuru Mungu kwa kila kicheko, mpaka nikawagawia majirani maandazi. Na yeye akala, akanyamaza.

"Nilikuonea huruma," amesema jioni. Huruma!

Nilipokaa kwenye cherehani, Zuhura akasikia mlio wake, akaangua kicheko kama kawaida. Nikageuka ili nicheke naye, nikashindwa.

Hilo ndilo sitamsamehe Salum. Leo mwanangu amenichekea, nami nikamtazama kama mgonjwa.