Mlango wa Pumzi

3 Mei

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi tunapumua, tunashukuru. Baba yako goti linamsumbua, ila kubisha bado anabisha.

Goita yangu, huu uvimbe wa shingoni, sasa inanikaba nikilala. Hospitali wanataka kuikata. Mimi sitaki. Mjomba wako aliingia chumba cha upasuaji akitembea. Walimchoma dawa ya kulegeza misuli ili wapitishe mpira wa kupumulia kooni. Badala ya kulegea, taya likakakamaa, mwili ukawaka moto. Hakuamka. Sisi ni damu moja. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia tu.

Mama yako

14 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ya kuwatia wagonjwa usingizi ni tele.

Hofu yako ina msingi. Dawa ile ni sumu kwa watu wa damu yenu, pengine hata kwangu. Lakini mpira unaweza kupita bila hiyo. Kuna dawa nyeupe kama maziwa, inalaza. Kuna nyingine ya maumivu, kali, inayopita upesi. Ukimpa mgonjwa moja peke yake, koo linagoma. Ukizipatanisha kwa kipimo, pumzi inatulia, tunampumulia mgonjwa kwa mfuko unaobinywa kwa mkono, na nyuzi za sauti zinaachana zenyewe taratibu. Presha hushuka, kwa hiyo hatubandui macho. Nimeona mara nyingi.

Mweleze daktari wa usingizi habari za mjomba kabla hajashika sindano. Nami nimemwandikia.

Binti yako

20 Juni

Mama,

Shikamoo. Najua siku ya upasuaji uliyoikubali imepita. Baba hapokei simu. Nawalaza wagonjwa wa watu, na wa kwangu sijui hali yake. Niandikieni hata mstari mmoja.

Binti yako

27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Tusamehe. Baba yako aliangusha simu kwenye ndoo, nami nilikatazwa kusema.

Daktari wa usingizi ni kijana, umri wako. Nilipoamka alikuwa bado ameketi kando yangu, shati limelowa jasho. Nikamuuliza kwa ishara: vipi? Akasema, "Mama, mlango wa pumzi ulifunguka wenyewe. Nilimwita mwenzangu aje aone."

Tangu hapo nawaza. Ndani yangu kuna mlango nisioweza kuuona maishani, na mwanangu hupita hapo kila siku, kwa watu wasiomjua. Na mimi nilikuwa nikiwaambia majirani unachoma sindano tu.

Leo nimeimba nikianika nguo. Sauti inakwaruza. Baba yako ameacha kubisha, akasimama mlangoni kusikiliza.

Mama yako