Mume Wangu Alimpiga Risasi Mwizi wa Mchezoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka miwili kila Jumapili mchana tumekuwa tukicheza, mimi, mume wangu, wifi yangu na mdogo wangu mwalimu wa hesabu, ule mchezo wa kuigiza hadithi mezani, mmoja anasimulia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, dado zinaamua, na msimulizi ni mimi. Kwanza tulicheza hadithi ya wachawi na majoka, mume wangu akiwa mpiga panga, akifyeka majambazi kama majani, tunacheka mpaka mbavu zinauma, hakuna anayeuliza kama waliokufa wana mama zao, na mwenzetu akifa tunamfufua kwa dawa.

Mwezi uliopita nikaleta hadithi ya mji kama wetu, wenye polisi na mahakama, nikampa mume wangu kazi ya kulinda ghala kwa bunduki, akasita kidogo, nikadhani ni uvivu. Mwizi akaruka ukuta na mfuko, wifi akapiga kelele, "Mpige huyo!" mume akarusha dado, mwizi akafa. Nami kwa kujifanya hodari nikasema, "Hapa si kule kwa majoka, hapa utashtakiwa," nikamsimamisha kizimbani, mdogo wangu akawa mwendesha mashtaka. Akamuuliza, "Alikuwa anakimbia. Kwa nini ulimpiga mgongoni?"

Akajibu, "Niliogopa." Sauti haikuwa ya mchezo. Akakusanya vikombe ambavyo hata hatujavimaliza, akaenda kuviosha.

Wageni walipoondoka akaniambia kwamba kabla hatujajuana alikuwa mlinzi kweli, na alimuua kijana kweli. "Mahakama iliniachia," akasema. "Mimi bado sijajiachia." Miaka tisa ya ndoa, mshauri, sikujua! Naumia kwamba alinificha, naumia zaidi kwamba nilimshtaki mbele ya watu. Sasa mdogo wangu anataka kesi iendelee, nami nafikiria kumleta mganga mchezoni amfufue yule mwizi, ili mume wangu apumue. Nifanye nini?

Fundi mwenye majuto

*

Pole sana, dada yangu. Ungejua usingefanya, hilo naliamini, kwa hiyo acha kujilaumu. Lakini huyo mganga mrudishe alikotoka! Kule kwa majoka mtu anakufa na kufufuka kabla chai haijapoa. Mume wako anajua yule aliyemuua yeye hafufuki. Ukimfufua wa mezani, utamwonyesha tu kwamba hukumsikia.

Kufichwa kunauma, na siku moja umwambie. Si wiki hii. Jambo lililomkaa kooni miaka yote amelitoa kwako, si kwa dada yake wala kwa marafiki.

Leo mpigie mdogo wako, mwambie kesi imefutwa. Sababu usimpe, siri si yako. Akibisha, mwambie madaftari ya wanafunzi yanamsubiri. Mume akitaka kurudi kwa majoka, rudini. Akisema hataki kuziona dado, ziweke kabatini na usinune. Tafuteni mtaalamu wa ushauri nasaha hospitalini, na siku ya kwanza umsindikize, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.

Ila kabla ya hayo yote, mwombe msamaha kwa ile kesi. Halafu muulize kuhusu yule kijana, na umsikilize mpaka mwisho. Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, usikimbilie kumfuta machozi. Mshike mkono tu.